Wachaguzi wa Ndengu

Jumanne jioni, Emali

Binti yangu Mutheu amenipokonya kalamu sasa hivi akajichora mdomoni, eti ni lipstiki. Nimecheka, nikaichukua tena niandike.

Leo nilipeleka chai kwa mkutano wa wakurugenzi wa kampuni ya ndengu, nikawakuta wanagombana. Mwenyekiti anasema mashine ya kuchagua ndengu inakuja wiki hii, faida itapanda, kwa hivyo wale wanawake wanane wa kuchagua kwa mkono waende nyumbani. Mzee Nzioka akapiga meza. "Hao ndio walijenga hii kampuni!"

"Basi walipe wewe na mfuko wako," mwenyekiti akamjibu. Walipiga kura, mzee akashindwa.

Kisha mwenyekiti akaniita kando. "Mama Mutheu, wewe wa chai utabaki. Lakini ukifungua mdomo, utawafuata."

Sasa mimi na hao wanane ni mwethya moja, tunalimiana mashamba kwa zamu. Nilipojifungua walinilimia shamba lote, na zamu yangu ya kuwalimia nao haijafika. Wakijua leo, kesho watagoma wote, wakae chini mpaka wasikizwe. Pengine watashinda.

Na wakishindwa? Baba Mutheu hayuko, kazi yangu ni hii tu. Naogopa, Mungu wangu.

Huyo ni Mwikali mlangoni, mmoja wa hao wanane.

"Mama Mutheu! Kwani siku hizi unalala na kuku? Mbona umetoka kazini bila kutuaga?"

Naenda kufungua. Nitamwambia kwanza aketi, halafu nimwambie yote niliyosikia leo.