Maneno Mawili ya Daktari

Tanga, Hospitalini

Kaka yangu Yohana,

Kamwene. Waliotoka huko wanasema upepo wa Makambako umeanza, na watu wanaota moto mchana. Je, kifua cha mama kimetulia? Na viazi vya shamba la bondeni vimepona, au baridi imeviunguza? Mimi ni mzima. Huku ni joto, tunalala bila kujifunika, jambo ambalo bado sijalizoea.

Uliuliza masomo ya unesi yanaendaje. Kazi ya mikono hainishindi. Kinachonisumbua ni Kiingereza, maana mtihani wote ni wa lugha hiyo, na si Kiingereza kile tulichofundishwa misheni. Nina kamusi niliyoachiwa na nesi aliyekwenda kuolewa Moshi. Nikisikia neno gumu wodini nalitafuta. Maana yake nayo imeandikwa kwa Kiingereza, na humo nakuta neno jingine nisilolijua, nalo nalitafuta. Kisha nayakariri yote nikitandika vitanda. Wenzangu husema nasali.

Sasa kuna jambo limetokea, nalo linakuhusu.

Wodini kwetu alilazwa Mzee Mgaya, mtu wa Wanging'ombe, aliyekuja huku kukata mkonge. Ana uvimbe tumboni. Aliposikia nasema Kibena alinishika mkono, na tangu hapo hakutaka nesi mwingine amwoshe.

Siku moja asubuhi daktari alikuja na sista mkuu wa wodi. Alimbonyeza tumbo, akamwambia sista "malignant". Akaongeza kwamba sasa ni "palliate" tu. Wakaenda kitanda kinachofuata. Kaka, maneno hayo yote mawili nilikuwa nimeyakariri karibuni. La kwanza, kwa uvimbe, ni ule unaoenea na kuua. La pili ni kupunguza makali ya ugonjwa bila kuuponya. Nilifurahi. Nakueleza kama ilivyokuwa: kwanza nilifurahi kwamba nimeelewa, ndipo nikageuka nikamwona Mzee Mgaya ananitazama.

"Amesema nini?" aliniuliza kwa Kibena.

Sisi wanafunzi hatuna ruhusa ya kumweleza mgonjwa ugonjwa wake. Nilimwambia nina kazi. Nilipopita tena na beseni la maji, aliuliza vilevile, bila kupandisha sauti. Nikaketi. Kwetu hakuna neno moja la kutosha kwa lile la pili, hivyo nilizunguka. Nilisema kuna dawa ya maumivu, kwamba itamsaidia kulala, kwamba uvimbe umeingia ndani sana, kwamba madaktari wanajitahidi.

"Mwanangu," akasema, "yeye alisema kidogo. Wewe unasema mengi."

"Hutapona, baba."

Aliitazama miguu yake. Kisha akasema, "Asante. Basi nikafie kwangu, wakati bado naweza kuketi garini."

Kesho yake aliomba ruhusa ya kuondoka. Sista akauliza nani amemwambia, nami nikasema ni mimi. Aliuliza nimejuaje, nikamtajia maana za maneno yale. Alisikiliza mpaka mwisho, akasema ni sahihi. Kisha akaniondoa wodini na kufuta jina langu kwenye mtihani wa mwaka huu. Sasa nafua mashuka. Sikubishana naye. Sheria niliijua.

Daktari alimruhusu mzee aondoke. Anasafiri na lori linalorudisha watu waliomaliza mikataba, na litamteremsha Makambako. Amepewa dawa za kutuliza maumivu. Tafadhali, kaka, kuanzia Jumatatu uwe unalitazamia pale malori yanaposimama. Utamtambua: ni mrefu, amekonda, tumbo limetangulia. Mchukulie blanketi, amesahau baridi ya kwetu. Mtafutie gari la Wanging'ombe, na usimwache asafiri peke yake.

Mwambie mama kwamba mwaka huu sitarudi na cheti. Akiuliza sababu, mweleze yote, asije akadhani nimefeli. Nisalimie shangazi anayemsaidia kuchota maji, na mkeo, na baba mchungaji aliyeniandikia barua ya kujiunga huku. Mwambie kamusi bado naisoma. Chumba cha kufulia kina kelele, lakini nakariri hivyohivyo.

Limebaki moja. Mke wa Mzee Mgaya anaitwa Mama Sekela, nyumba yake iko huko Wanging'ombe, nyuma ya kanisa. Tangu mumewe aje huku amekuwa akipata salamu tu za watu. Nenda kwake kabla lori halijafika, umwambie anakuja na kwamba anakuja kufa, asije akaipokea habari na mume wake kwa siku moja.

Ni mimi mdogo wako anayekuheshimu,
Eliza