Barua ya Mshindwa

3 Machi

Dada yangu mpendwa,

Salamu nyingi. Hujambo? Shemeji hajambo? Na goti lako? Sisi huku wazima, ila usingizi umenihama. Zimebaki wiki tano. Miaka ishirini na miwili nakata nyasi za uwanja huu, nawaandalia kriketi watu wa mashule na mabenki, na sasa timu yetu inakuja kupambana hapa na timu yenu ya huko ulikoolewa, hiyo uliyoichukua pamoja na shemeji. Kwangu, Dada! Wafanyakazi tumepewa kadi mbili mbili za kuingiza jamaa uwanjani. Yako nimeificha bandani, kwenye kopo la misumari.

Andaa kalamu. Kanuni ni ile ile ya utotoni: anayeshindwa anaandika barua ya kumsifu mshindi, nayo inasomwa kwa sauti mbele ya watu. Safari hii huna pa kutokea. Ule ukanda wa katikati, pale mpira unapodunda, nauacha ukauke upande mmoja mpaka upasuke. Warushaji wetu watauzungusha mpira hadi wapigaji wenu waombe kurudi kwa mama zao.

Mdogo wako

11 Machi

Mdogo wangu,

Sijambo, goti linalalamika kama kawaida yake. Shemeji yako anakusalimu, anasema kilichopasuka ni domo lako, si uwanja.

Barua yako sikungoja ushindwe, nimeisoma kwa sauti hapa kiwandani. Vyerehani vyote kumi na viwili vilizimwa. Watu wamecheka mpaka machozi. Mshona vifungo akaniomba aende nayo nyumbani akamsomee mumewe, maana bwana huyo kwa kriketi hajiwezi. Nimempa. Waache wajue tunapambana na watu wa namna gani!

Likizo nimeshaomba. Kopo lifunge vizuri.

Dada yako

21 Machi

Dada,

Salamu. Uzima upo.

Huyo mume wa mshona vifungo, ulimuuliza anafanya kazi gani? Ni mwandishi wa gazeti, ukurasa wa michezo. Barua yangu imechapishwa huko kwenu neno kwa neno, hata pale ninapoulizia goti lako. Jana meneja aliniita. Gazeti lilikuwa mezani, na ule mstari wa kupasuka umepigiwa wino mwekundu. Nikamwambia ni utani wa mtu na dada yake. Nikamshika mkono nikampeleka akapime mwenyewe: unyevu sawasawa pande zote, nyasi zimelingana, hakuna ufa wa kuingiza hata ukucha. Ningeharibu vipi kazi ya mikono yangu mwenyewe? Akasema anaona, lakini watu wameshasoma.

Nimesimamishwa kazi. Ameletwa mtaalamu wa kukodi. Wamechukua ufunguo wa banda, na kopo la misumari limebaki ndani.

Nina hasira. Nakukasirikia wewe, halafu nakumbuka aliyeandika ni mimi. Halafu nakukasirikia tena.

Mdogo wako

25 Machi

Mdogo wangu,

Sikuulizi hali, naijua. Nisamehe. Nilikuwa najivunia kuwa na wewe, basi, nikataka kila mtu asikie unavyoandika.

Nimemwandikia meneja wako na kumweleza kanuni yetu toka mwanzo. Nimekwenda gazetini na goti langu hili, ghorofa tatu. Wameniambia habari hiyo imeshapita. Imeshapita kwao! Mshona vifungo analia, na mimi sina hata nguvu ya kumgombeza. Nijibu, hata kama ni kunitukana.

Dada yako

1 Aprili

Mdogo wangu,

Hujanijibu. Likizo yangu inaanza kesho kutwa na begi liko mlangoni. Mimi sikuwa nafuata mechi, nilikuwa nakufuata wewe. Lakini siji mahali nisipotakiwa. Sema neno moja tu.

Dada yako

9 Aprili

Dada yangu,

Hujambo? Goti? Mimi sijambo kiasi. Nisamehe kwa kukunyamazia, nilikuwa sina neno zuri mdomoni.

Mmeshinda, na kanuni ni kanuni. Nawasifu. Wapigaji wenu walisimama imara, sina la kuwatoa kasoro. Nilikuwa nimekaa na redio kwenye ngazi za nyuma ya nyumba. Mtangazaji akasema ule ukanda haukumpendelea mtu, hajawahi kuona mzuri kama ule. Kisha akampongeza mtaalamu, mtu aliyekaa pale siku kumi na sita! Nilimjibu kwa sauti mpaka jirani akachungulia. Nahodha wenu naye akasema wameshinda kwa sababu mpira ulidunda sawasawa kila upande. Basi mimi ndiye niliyewashindisha. Cheka, nimekuruhusu.

Meneja bado hajaniita. Ila mlinzi ameniletea kopo. Kadi yako imo, haijachanwa.

Barua ya mshindwa inasomwa mbele ya watu, lakini hii usiisome huko. Ilete. Nitaisoma mwenyewe kwa sauti, na wewe peke yako unatosha kuwa watu. Tutakaa kwenye zile ngazi za nyuma. Ziko nne tu, goti litaziweza.

Mdogo wako