Maji ya Mama Pinkston

Njia ya Posta Na. 2, Sanduku 118,
Tolliver, Mississippi.
19 Oktoba 1983

Mpendwa Dada Ozella,

Natumaini barua hii inakukuta mzima huko Detroit, na goti lako limekubali kupanda ngazi. Umeshatoa lile koti zito? Hapa mchana jua bado linawaka, lakini asubuhi tunaona mvuke midomoni. Sisi tupo, tunamshukuru Mungu. Cleophus anakohoa kama kila Oktoba, wanapopulizia pamba dawa ya kupukutisha majani. Mimi bado niko kiwandani kwenye samaki, kambare wale wale, kisu kile kile, na vidole vyangu vimenyauka kama nimelala ndani ya ndoo. Vipi shemeji? Bado anabishana na redio?

Samahani kwa mwandiko. Unajua mimi niliishia darasa la sita, kwa hiyo nikikosea wewe kisia tu. Simu tunayo, lakini iko ukutani jikoni, na Vernetta siku hizi hatoki nyumbani, angesikia kila neno. Ndiyo maana nimekaa ndani ya gari nje ya kiwanda, wakati wa mapumziko, karatasi nimeiweka juu ya mfuniko wa bakuli la chakula.

Dada, huyu mtoto Vernetta ameharibikiwa kule shule ya uuguzi. Nilitaka nikuandikie mwezi wa Desemba kwamba amemaliza, nikutumie na picha yake amevaa kofia. Ilikuwa imebaki miezi miwili tu, kisha asubiri mtihani wa leseni. Kila Jumapili nilikuwa nampigia pasi ile sare yake nyeupe mwenyewe, hata Cleophus nilimkataza asiikaribie na mikono yake ya gereji.

Mambo yalikuwa hivi. Unamkumbuka Mama Pinkston, mama wa kanisa letu, yule wa kofia ya manyoya ya zambarau, aliyetufundisha sote shule ya Jumapili, wewe kwanza na mimi baadaye? Mwisho wa mwezi wa tisa alipata kiharusi. Upande mzima wa kushoto umelala, na koo nalo limelala. Wewe kama nesi unayajua haya kuliko mimi, lakini nakueleza nilivyoelewa: akimeza kitu, hata maji, hayaendi tumboni, yanaingia mapafuni. Kwa hiyo wamemwekea mpira puani wa kumlishia, na juu ya kitanda wametundika kibao chenye herufi tatu, maana yake asitiwe kitu chochote mdomoni.

Na Vernetta na wanafunzi wenzake ndipo walipopangiwa, wodi ile ile. Jumanne ya wiki iliyopita yeye ndiye aliyepewa kumwogesha Mama Pinkston. Akamwogesha, akamsuka ile misuko yake miwili kama anavyopenda. Alipokuwa anamfunika, mzee akamshika mkono kwa ule mkono wake mzima. Akamwambia, maneno yanatoka nusu nusu, “Wewe si mtoto wa Tine?”

“Ndiyo, Mama.”

“Basi nipe maji, mwanangu. Hapa wote wananiona kama kiti.”

Vernetta akamwambia hapana. Akamwambia mara ya pili hapana. Mara ya tatu mzee akaanza kulia, jicho moja tu ndilo linalotoa machozi. Na mtoto akachukua kikombe, akamwinua kichwa, akampa. Si mengi, anasema, mafunda matatu. Akapaliwa hapo hapo, akageuka rangi. Vernetta mwenyewe ndiye aliyepiga kengele, ndiye aliyeita watu, ndiye aliyewaambia nimempa maji. Sasa Mama Pinkston ana homa ya mapafu. Homa inashuka asubuhi, jioni inapanda tena.

Mwalimu wao, Bi. Hargrove, si mtu mbaya. Alimrudisha nyumbani na kumwambia aandike yote kwa mkono wake, watu watatu watakaa Alhamisi kuamua. Jioni ile Cleophus akamwita mtoto mezani. Unamjua shemeji yako, hasemi kitu siku nzima, halafu akisema anataka kutengeneza kila kitu kwa bisibisi moja.

“Andika kibao kilikuwa kimeanguka,” akamwambia. “Vibao huanguka. Nani atabisha?”

“Baba, kile kibao nilikitundika mimi mwenyewe asubuhi ile.”

Cleophus akainuka akaenda kufungua injini ya gari ambayo haikuwa na ubovu wowote.

Mimi nilikuwa nimesimama kwenye sinki na mboga zangu, naosha majani yaliyokwisha kuwa safi. Dada, sikuweza kugeuka. Nikueleze kwa nini. Vernetta alipokuwa na miaka saba, bibi mmoja alipita barabarani kwetu na jua lile la Julai, akaomba maji. Vernetta alikuwa anaruka kamba, akamjibu, “Subiri nimalize.” Nilimchapa mbele ya yule bibi. Nilimchapa kwa kijiti cha mti wa pichi, nikamwambia mtu mzima akikuomba maji hujui habari ya kusubiri, hujui habari ya hapana, unakwenda. Nililirudia neno hilo miaka na miaka, na watu kanisani walinisifu, wakasema mtoto wa Tine amelelewa. Haya, amelelewa.

Alhamisi nilimpeleka. Nilidhani nitaruhusiwa kuingia niseme neno. Nilikuwa nimelipanga, nimelisema njiani mara kumi. Yule dada wa mezani akaniambia, “Mama, wazazi wanasubiri hapa,” akanionyesha kiti. Nikakaa na mkoba wangu mapajani. Nilisikia sauti ya Vernetta kupitia mlango, siyo maneno, sauti tu, na ilikuwa ndogo kama ya yule wa miaka saba. Alipotoka hakulia. Alinipa karatasi. Niliisoma kwenye gari, polepole, yale magumu nikamwuliza.

Hawakumfukuza. Kwa sababu alisema kweli wamempa njia mbili. Moja, arudi Januari aanze upya kabisa, siku ya kwanza, na wale wapya. Nyingine, atie sahihi kwamba anaondoka kwa hiari yake. Wanataka jibu kabla ya Ijumaa ya wiki ijayo, tarehe ishirini na nane. Karatasi iko juu ya friji. Anapita pale kuchukua maziwa na haitazami. Nikimwuliza ananijibu, “Mama, niache.” Nikinyamaza naona nimemtupa. Jana nimempikia viazi vitamu na mkate wa mahindi, amekula kama mtu anayelipishwa faini.

Sasa nakueleza jambo ambalo hata Cleophus sijamwambia. Jumapili baada ya ibada nilikwenda hospitali kumwona Mama Pinkston. Nilimkuta Lucille, mpwa wake, amekaa pale na mdomo wake ule. Aliponiona tu akasema, “Haya, Ernestine, leo umemletea nini? Chai ya barafu au soda?” Nikasema nimeleta pole. Akasema, “Pole hainyweki, afadhali.” Ni haki yake. Baadaye kidogo akatoka kwenda kutafuta kahawa, tukabaki wawili.

Mama Pinkston akafungua jicho. Nilidhani hatanijua. Akasema, “Tine. Maji.”

Jagi lilikuwa kwenye meza ya mgonjwa wa pili, karibu nami kuliko huu usukani. Nikamwambia, “Mama, daktari amekataza.” Akanitazama. Dada, unalijua jicho lile, ndilo lililokuwa likitutazama tukisinzia kwenye maombi. Akasema, na nusu ya mdomo wake ikacheka, “Mwanao ana moyo kukushinda.”

Nikasema, “Ngoja nimwite nesi, Mama.” Nikatoka. Sikumwita nesi. Nilipita wodi yote, nikapita mlango, nikajikuta nje kwenye magari, funguo mkononi na kofia ya kanisani bado kichwani. Nilimwacha na kiu yake na uongo wangu, akisubiri nesi ambaye sikumwita. Sikuweza kumpa, na sikuweza kukaa pale nikamnyima mbele ya uso wake. Nilikimbia. Mtoto wa miaka kumi na tisa hakukimbia. Alikosea, lakini alikaa.

Kwa hiyo nimwambie nini? Nikimwambia rudi, namrudisha kwenye kitanda kile kile, maana watu wote anaowauguza hapa ni wazee wa kwetu, wanamjua kwa jina la mama yake, na kesho mwingine atamshika mkono. Nikimwambia acha, namleta hapa kwenye mstari wa samaki asimame kando yangu. Wasichana wawili wa darasa lake la zamani wako hapa tayari. Usiku na mchana nageuza hivi, nageuza vile, na ninachofanya mwisho wake ni kupiga pasi sare ambayo hakuna anayeivaa.

Dada, wewe umefanya kazi hii miaka thelathini kule, na wengi wa wagonjwa wako walikuwa watu waliotoka huku huku kwetu. Lazima walikuomba. Lazima kuna mzee aliyekuambia wewe si mtoto wa fulani, nipe maji, na ulijua ukimpa utamuua. Ulikuwa unamwambiaje? Siulizi habari za kitabu, hizo Bi. Hargrove amewafundisha. Nauliza maneno yenyewe. Ulikaa kitandani au ulisimama? Ulimshika mkono? Uliwezaje kusema hapana na bado ukawa mtoto wa mama yetu?

Mwandikie Vernetta, tafadhali, siyo mimi. Mwandikie maneno hayo hasa, hata kama ni mawili, yafike kabla ya tarehe ishirini na nane. Mimi nimeyatafuta kwangu na sina. Nilimfundisha neno moja tu.

Kengele ya kiwanda imelia. Msalimie shemeji, msalimie Lorraine na mapacha wake, na yule jirani yako wa ghorofani aliyenitumia kitambaa. Cleophus anakusalimu. Vernetta angekusalimu kama angejua naandika. Mungu akulinde na barafu za huko, akuamshe kila siku na nguvu za siku hiyo, na mikono yako iliyobeba watu wengi ipate watu wa kuibeba.

Ni mimi mdogo wako nikupendaye sana,

Tine