Sufuria Ndani ya Kamba

Mpendwa Nafula,

Sisi huku Sirisia ni wazima, mahindi yamechanua, na ng'ombe wako amezaa ndama jike. Unauliza kwa nini bosi wako huko Kitale anawachoresha ramani ya nyumba moja mara ya tatu badala ya kuanza kuchimba msingi.

Nikiwa fundi kijana, nilipewa kazi ya kujenga jiko la kanisa. Nilipiga vigingi, nikafunga kamba, nikaita vibarua waje kuchimba. Mpishi wa kanisa akafika na sufuria yake kubwa, akaitua pale nilipoweka alama ya meko, akashika mwiko kwa mikono miwili na kuanza kusonga ugali usiokuwepo. Kiwiko chake kikapita nje ya kamba.

"Fundi, hapa si ndio ukuta?" akauliza. "Sasa nitasongea wapi, bana?"

Vibarua walicheka, mimi nikanuna. Lakini kuhamisha kamba kulichukua dakika chache tu, na jiko lile linapikiwa mpaka leo.

Chora tena, mama. Nyanya yako anakusalimu. Amesimama nyuma yangu anasoma haya, na ule mwiko bado anao.

Babu yako