Mreno na Karata za Mama

Sur, Omani, Alkhamisi, Desemba 2003

Na kumwalika mtu bila ya kuniuliza! Salim, mume wangu, kamleta mkubwa wake mpya wa kazini kula chakula cha mchana, na mkubwa mwenyewe ni Mreno. Mama aliposikia, alivua miwani.

"Mreno? Waliochoma Maskati na Mombasa? Aingie nyumba hii?"

"Mama, hao mababu zao."

"Na mimi mjukuu wa waliowafukuza."

Nilihofu kweli. Salim anangojea kupandishwa cheo.

Tulikula, mama hata hakumtazama mgeni. Baada ya kahawa akatoa karata zake, kama ada yake tangu tulipokuwa Pemba, akaanza kucheza na Salim.

"Kopa!" akasema. Mgeni akainua kichwa. "Uru. Shupaza."

Yule bwana akasogea mkekani, akawa anaonyesha karata mojamoja na kuzitaja kwa Kireno. Majina ni yale yale! Hata turufu kwao ni turufu.

Mama akamkazia macho. "Kumbe na karata zetu waliziiba."

Nikamfasiria mgeni kuwa mama amefurahi sana. Mungu anisamehe.

Basi wamecheza mpaka alasiri, hawana lugha nyingine ila hiyo. Mama kamfunga kila mara, na mara ya mwisho nahisi aliiba karata.

Mgeni akainuka kuaga.

"Mwambie arudi kesho," mama akasema. "Mombasa walikaa karne nzima. Mchana mmoja haunitoshi."