Nguo Hazikauki kwa Mama Naila

Tunduma, 2 Februari 2025

Dada Gwantwa, shikamoo.

Kabla hujauliza hali yangu, jua kwamba kuanzia mpakani hadi Mpemba hakuna kichwa kinachoelewa mitambo kama hiki cha mdogo wako. Madereva wa malori wananiita niweke sikio tu kwenye injini, inapona yenyewe. Kidato cha pili niliacha kwa kuwahurumia walimu. Basi mimi mzima, nimenenepa, utanipita njiani. Wewe na mama hamjambo? Mguu wake vipi? Barua nampa Enoka dereva kwa sababu simu yenu tangu Krismasi haipatikani.

Sasa sikiliza. Hapa kwa Mama Naila ninapolinda geti kuna mashine ya kukaushia nguo. Siyo ya kufulia, hiyo ni nyingine. Hii unaitupia nguo mbichi, inazizungusha kwenye hewa ya moto, baada ya saa moja unavaa. Kwa mvua hizi ndiyo mkombozi. Lakini tangu mwaka mpya nguo zinatoka na joto huku bado zina unyevu, na ukuta wa chumba cha kufulia unatoka jasho, dari limeota ukungu mweusi. Mama Naila anamshuku anayefua, dada Mwajuma, yule aliyeniombea kazi hii. Anasema anakausha nguo za watu wa nje kwa siri mpaka mashine imechoka. Nimepewa kazi ya kumchunguza. Kila jioni anatoka na mfuko mweusi. Mfuko wa nini?

Mdogo wako,
Anyitike

Ibaba, 9 Februari 2025

Anyitike, marahaba.

Sisi hatujambo. Mguu umepoa, juzi mama kashuka mwenyewe kwenye maharage. Hizo injini zinazopona kwa sikio nimemsomea, amecheka hadi akakohoa.

Mashine hiyo sijaiona, ila shati bichi nalijua. Maji yaliyomo hayapotei, yanageuka mvuke. Huo mvuke unapitia wapi kwenda nje? Jikoni kwetu tukiziba tundu la juu, paa linadondosha matone, na hatumshuku mtu. Angalia kama kuna chujio limejaa, kama bomba limepinda, kama huko nje hewa inatoka. Habari ya mfuko mweusi mwulize mwenyewe. Halafu mimi nakushuku wewe: uliambiwa umchunguze, au ulijitolea?

Dada yako,
Gwantwa

Tunduma, 16 Februari 2025

Dada mpelelezi, shikamoo.

Mimi mzima, uzuri tu ndio unanisumbua. Mama msalimie.

Nimekagua kama daktari. Chujio Mwajuma analisafisha kila mzigo, akanionyesha vumbi la nguo kaliviringisha kama kitoto cha paka. "Anyi, unataka ukalifuge?" Ona dharau. Mfuko mweusi una makoko ya wali, anawapelekea kuku. Nikapunguza nguo zikawa nusu, zikatoka mbichi vilevile. Nikavuta mashine, bomba la nyuma halijapinda. Nikalichomoa: hewa ikapuliza humo chumbani hadi kofia ikaruka, na mataulo matatu yakakauka. Nikalirudisha, unyevu ukarudi. Huko nje nako nimekagua, safi kabisa.

Ila Alhamisi nimekuta ndani ya mashine sweta la shule la kijani. Naila anavaa la bluu. Nikalipeleka kwa Mama Naila. Mwajuma kaapa ni mara moja tu, mtoto wake alinyeshewa. Mama kampa hadi Ijumaa hii: nguo zikauke kama zamani, au aondoke.

Nje ni safi kabisa, usiniulize tena.

Mdogo wako,
Anyitike

Ibaba, 18 Februari 2025

Anyitike, marahaba.

Tu wazima. Leo sina utani.

Bomba likichomolewa nguo zinakauka, likirudishwa hazikauki. Basi ubaya uko humo bombani, kuelekea nje. Sweta moja haliwezi kuotesha ukungu dari zima. Na wewe, ambaye hujawahi kugusa kitu bila kujisifia kurasa mbili, huko nje umekumaliza kwa maneno mawili, tena umeyarudia. Ulifika? Uliweka mkono? Ulikuta nini?

Mwajuma ana watoto wawili na Ramadhani inaingia. Alikuombea kazi hata hajakuzoea. Kama kuna kitu unakijua, kiseme kabla ya Ijumaa. Enoka nimemwambia asilale na barua hii.

Dada yako,
Gwantwa

Tunduma, 6 Aprili 2025

Dada Gwantwa, shikamoo.

Natumaini wewe na mama ni wazima. Mimi nipo. Idi imepita, najua nimekaa kimya muda mrefu.

Mashine inakausha vizuri. Ukungu nimeusugua, dari nimelipaka rangi. Mama Naila ananiita fundi mbele ya wageni wake.

Barua yako ilinifikia Alhamisi mchana. Siwezi kumsingizia Enoka.

Mdomo wa bomba unatokea chini ya dirisha la chumba changu. Mwishoni mwa Desemba mvuke ulikuwa unanilowesha godoro, nikauziba kwa kipande cha kiroba cha mbolea, kisha nikasahau. Nilikuja kukumbuka tarehe kumi na nne Februari, nilipoweka mkono pale. Sweta nilikuwa nimeshalipeleka. Ningekitoa siku ile mashine ingepona, na watu wangeuliza imeponaje. Nikakiacha palepale, nikakuandikia kwamba ni safi.

Ijumaa nilimfungulia Mwajuma geti aende zake. Akaniambia, "Anyi, usiwe unalala bila kula." Nikamwitikia.

Jumamosi nikakitoa kiroba. Mataulo yakatoka makavu. Mama Naila akayashika moja moja, akasema, "Umeona? Kumbe kweli alikuwa yeye."

Nikasema, ndiyo, Mama.

Mdogo wako,
Anyitike