Onyo Lililokunjwa Ndani ya Kisanduku

Alhamisi. Mvua imepiga Kansanga, hapa Kampala, tangu asubuhi, na mimi nimerudi nyumbani na viatu vyenye tope la Ggaba na dharau ambayo sijui niiweke wapi.

Niieleze tangu mwanzo, labda itapungua.

Kazi yangu ni kuandika miongozo ya programu. Kampuni yetu ndogo pale Bukoto inatengeneza programu ya kutunza kumbukumbu za wagonjwa katika zahanati, nami ndiye ninayewaeleza wauguzi wabonyeze wapi. Miongozo hiyo tulikuwa tunaiandika kwa alama nyepesi tu: alama ya reli (#) mbele ya kichwa cha habari, nyota mbili kila upande wa neno linalotakiwa kukolezwa wino. Basi. Ukichapisha, inasomeka. Ukifungua kwenye simu, inasomeka.

Kisha akaja Brayan.

Brayan ni Mkenya mwenzangu, ameajiriwa kuwa mkuu wa kitengo chetu, na sijawahi kumwona akizungumza na muuguzi yeyote. Alama zetu alizicheka. Alileta zake za nyongeza: nukta mbilimbili zilizopangwa mstari zikafungua kisanduku cha rangi, mabano yakaleta vichupo vya kubofya juu ya ukurasa, mshale mdogo ukakunjua maandishi yaliyofichwa. Kila ukurasa ukawa kama keki ya harusi. Nilipouliza haya yanamsaidia nani, alijibu, "Ukurasa lazima upumue."

Ukurasa upumue. Mtu mzima alisema hivyo, akiwa na shahada.

Kulikuwa na sentensi moja niliyoiandika kwa uangalifu: usiunganishe majalada mawili kabla ya kulinganisha tarehe za kuzaliwa, kwa sababu yakishaungana onyo la dawa la mgonjwa mmoja hufutika. Brayan aliichukua akaikunja ndani ya kisanduku cha bluu. Kwenye kompyuta yake ilipendeza. Kwenye karatasi, lilitoka neno moja tu: "Zingatia." Chini yake, hakuna kitu.

Zahanati zetu nyingi husoma kwenye karatasi. Nilimwambia. Akasema watazoea.

Jumatatu, katika zahanati moja ya Ggaba, muuguzi aitwaye Zawadi aliona watoto wawili wenye jina moja, Grace, akadhani ni mtoto mmoja aliyeandikishwa mara mbili. Akafuata karatasi yetu, akaunganisha. Jana Grace mmoja akaletwa na homa. Kompyuta haikusema lolote kuhusu penisilini. Sindano ilikuwa tayari mkononi mwa muuguzi, mama wa mtoto aliposema, "Huyu hachomwi hiyo, ilitaka kumuua mwaka jana."

Mtoto yuko salama. Naiandika sentensi hiyo peke yake ili niione.

Mtoto yuko salama.

Leo asubuhi nilikwenda Ggaba. Zawadi ametoka Bukavu, ana miaka mingi ya kazi, na alikuwa amekaa kwenye benchi la nje kama mgonjwa, kwa sababu daktari mwenye zahanati alikuwa amemsimamisha. Alinipa ile karatasi. "Dada, niliisoma yote," akasema. "Hiyo maneno haikukuwa mule." Hakulia. Mimi ndiye niliyetaka kulia.

Mchana tukaketi kikaoni na mkurugenzi wetu, Mama Nakato. Daktari akapiga simu, sauti ikawekwa wazi mezani. Ni mzee aliyestaafu jeshini, na Kiswahili chake bado kimevaa buti.

"Nani alikosea? Ambia mimi."

Brayan aliegemea kiti. "Daktari, onyo lilikuwepo. Mtumiaji hakulikunjua."

Hakulikunjua. Karatasi. Alitaka mwanamke yule akunjue wino.

Nilimwangalia nikatafuta hata chembe ya aibu usoni mwake. Haikuwepo. Alikuwa anatazama kama kola yake imekaa sawa.

"Daktari," nikasema, "kosa ni letu. Karatasi tuliyompa Zawadi haina onyo. Ninayo hapa, tumeichapa wenyewe. Usimfukuze."

Brayan akanikanyaga mguu chini ya meza, kama watoto wa shule. Mama Nakato alichukua karatasi, akaisoma, akaigeuza nyuma kutafuta maneno yaliyokosekana, akairudisha mezani taratibu. Kisha akamwambia daktari kwa heshima ya Kiganda, "Ni kweli, ssebo. Ni sisi."

Daktari alitutukana vya kutosha, na tulistahili. Mwishoni akasema Zawadi arudi kazini kesho.

Kuhusu miongozo, Mama Nakato ameamua kwa namna ya wakurugenzi: maonyo yote yatoke ndani ya visanduku yawe wazi, mapambo mengine yabaki. Brayan bado ni mkuu wangu. Jioni hii ametuma ujumbe kwenye kundi la ofisi akipendekeza onyo liwe kwenye kisanduku chekundu kinachowaka na kuzima.

Kinachowaka na kuzima. Kwenye karatasi.

Sijamjibu. Wenzangu wawili wamemwekea kidole gumba, na hao nao nawadharau kidogo.

Asubuhi nitafika ofisini kabla yake, nifungue faili moja baada ya nyingine, na kila onyo nitaliandika kwa maneno makavu juu kabisa ya ukurasa. Akitaka kuyapamba tena, itabidi anifukuze kwanza.

Na akinifukuza, nani atakayewaandikia akina Zawadi?